Kutamba Hadithi Mwaloni: Tunavyofanya Ujiji na Katonga

Hapo ziwa lilipo palikuwa na bonde. Bonde pana lenye miji, ng'ombe na mbuzi, na katika mji mmoja waliishi mtu na mkewe waliokuwa na kisima ndani ya ua wao. Kisima kile kilikuwa na samaki wasiokwisha, na wazee walikuwa wamewausia: siku mtakayomwonyesha mtu wa nje, mmekwisha. Mume akasafiri kwenda Uvinza. Huku nyuma mke akamwingiza mwanamume mwingine uani, akamwonyesha. Yule mgeni akanyoosha mkono kwa samaki, ardhi ikapasuka. Mume aliporudi hakukuta mji. Alikuta maji.

Msafiri Henry Stanley aliandika hadithi hiyo ya Ziwa Tanganyika mwaka 1876, baada ya kusimuliwa na Wajiji, watu wa Ujiji wenyewe. Mimi niliisikia kwa bibi yangu akichambua dagaa, nikakutana nayo tena shuleni kwenye somo la fasihi, chini ya kichwa cha visasili, yaani hadithi za asili ya vitu, pamoja na maswali matano ya kujibu. Miaka mingi baadaye niliitamba kwa mara ya kwanza usiku, mchangani, watu wakiwa wameligeuzia ziwa mgongo. Nilipofika "ardhi ikapasuka", watu kama sitini waligeuza shingo kwa pamoja kutazama nyuma yao, kwenye maji. Hakuna aliyewaambia wageuke.

Tangu siku hiyo tunatamba nje kila kiangazi. Haya hapa ndiyo tuliyojifunza, kwa walimu, vikundi vya sanaa na vijana wa mitaani wanaotaka kuzitoa hadithi vitabuni na kuzirudisha zinakohusika. Nimeandika kwa mazingira ya Kigoma. Aliyeko Kasulu au Tabora atabadilisha ziwa kwa chemchemi au kwa miembe, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Anza na mahali, hadithi itafuata

Vikundi vingi huanza na hadithi. Wameipenda, wameikariri, wameshona na sare, ndipo wanatafuta uwanja wa kuitambia. Nakusihi ugeuze mpango huo. Chagua mahali kwanza, uende hapo mara tatu kwa nyakati tofauti: asubuhi, baada ya alasiri, na usiku. Usiende na daftari siku ya kwanza. Kaa tu. Angalia watu wanakaa wapi bila kuambiwa, maana hapo ndipo watakapokaa hata siku yako. Sikiliza kelele zinatoka wapi. Angalia watoto wanacheza nini na wanakatazwa kufika wapi, na uulize kwa nini wanakatazwa. Mara nyingi jibu la swali hilo ndiyo hadithi yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni njia ya Ujiji kutoka kwenye kumbukumbu ya mmisionari Livingstone kushuka hadi majini. Kila mtalii hupelekwa pale chini ya miembe, akaambiwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, akapiga picha, akaondoka. Lakini jiulize: mbona kumbukumbu iko mbali na maji, wakati siku zile maji yalikuwa jirani kabisa? Ziwa lilirudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yaliufungua Mto Lukuga, unaoyatoa maji ziwani upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Kwa hiyo ukitoka miembeni ukashuka kuelekea mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapotia vyombo, sehemu ya njia hiyo unatembea mahali palipokuwa chini ya maji. Ukiwa na watu arobaini nyuma yako, ukasimama katikati ya njia ukawaambia, "Hapa tuliposimama, mababu zetu wangekuwa wanapiga kasia," huhitaji pambo lingine.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo, na unahitaji upole. Ziwa hupanda pia. Mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba, vibanda na mialo ya watu wetu. Hadithi ya mji uliomezwa na maji, mbele ya mtu ambaye nyumba yake imemezwa na maji, inaweza kuwa kidonda. Mara ya kwanza hatukulifikiria hilo. Mama mmoja aliinuka katikati ya hadithi akaondoka na wanawe wawili, nasi tukaja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa amehama mara mbili. Siku hizi tunawatembelea kwanza walioathirika, tunawauliza kama hadithi hiyo isemwe pale au isogezwe. Wengine wametuambia isemwe, wakataka na wao waseme yao mwishoni. Tunawapa nafasi, na hiyo imekuwa sehemu ambayo watu huikumbuka zaidi.

Jambo moja la mwisho kuhusu mahali: pana sehemu ambazo ni za matambiko. Jabali fulani, mti fulani, mdomo wa mto. Usipeleke utambaji hapo kwa sababu panapendeza. Waulize wenye mahali, na wakikataa, hapo pamekatika.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye hadithi

Hadithi za kale hazina hati miliki ya mtu mmoja, lakini zina watunzaji. Kigoma mjini utakuta Waha, Wamanyema, Wabembe, Wagoma, na Watongwe waliopanda kutoka kusini, na kila nyumba ina namna yake ya kusimulia. Nenda kwa wazee. Nenda na adabu zote: usiende mikono mitupu, usiende na kamera shingoni, na usianze na shida yako.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetoka kwa nani?"

Swali hilo la pili ndilo mlango. Jibu vizuri, taja mama yako na baba yako, taja mtaa. Bibi akishajua wewe ni wa nani, utapewa hadithi ambayo mgeni mwenye kinasa sauti hapewi. Ukitaka kurekodi, omba baada ya kusikiliza mara ya kwanza, na mwambie wazi utaitumia wapi. Akikuambia kipande fulani kisitoke nje, kisitoke.

Kisha, hatua ambayo watu wengi huiruka: rudi kwake baada ya wiki mbili, umtambie yeye hadithi yake mwenyewe. Atakusahihisha. Atakuambia, "Hapo hukusikia vizuri," au atakaa kimya mahali ambapo ungetaka acheke, na kimya hicho kitakufundisha kuliko semina. Siku ya utambaji mtaje kwa jina kabla hujaanza, kama ameridhia, na mletee fungu lake katika chochote kilichopatikana. Akiweza kuja, kiti chake kiwe mbele.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hii ni fupi lakini usiiruke. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kwa mdomo, halafu barua. Ufukweni zungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, maana mwalo ni mahali pao pa kazi. Nenda ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Afisa utamaduni atakueleza kama kikundi chako kinatakiwa kusajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kibali gani kinahitajika ukitoza kiingilio. Polisi wapewe nakala ya barua. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone ongea na wasimamizi wake, na kama unawazia kutamba ndani ya hifadhi kama Gombe, hiyo ni ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni safari ndefu zaidi.

Katika barua andika kwa maneno yanayoeleweka: ni hadithi za kale, ni saa ngapi hadi saa ngapi, hakuna spika, hakuna siasa, watoto watasindikizwa. Mwaka wetu wa kwanza tuliona barua ni urasimu tu, tukakusanya watu mia moja usiku bila kumwambia mtu. Tulipoanza kuitikiana kwa sauti, waliokuwa mbali wakadhani ni mkutano wa hadhara, na tukalazimika kutawanya watu hadithi ikiwa nusu. Watoto walirudi nyumbani bila kujua mume alikuta nini aliporudi kutoka Uvinza.

Hatua ya 4: Siku na saa

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na kwingine, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Kwanza msimu. Mvua zetu hushika kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, pengine Mei. Panga Juni hadi Septemba.

Pili mwezi, nikiwa na maana ya mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa sababu samaki hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na vyombo hupumzika siku kadhaa. Huo ndio wakati wako. Wanaume wako nyumbani, mwalo umetulia, mchanga haujaanikwa dagaa kama siku za kazi, na una taa ya bure angani. Ukipanga utambaji siku za giza utapata watoto na akina mama wachache tu, kisha utasikia injini zinawashwa katikati ya wimbo wako.

Lakini mbalamwezi nayo ina hesabu. Mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza, karibu dakika 50 zaidi kila siku, na kwetu unatokea nyuma ya vilima vya mashariki, kwa hiyo unachelewa zaidi. Chagua siku za kabla ya kupevuka: tarehe 12, 13 au 14 za mwezi mwandamo. Siku hizo jua likizama mwezi tayari uko juu. Wazee wengi wa Ujiji hufuata kalenda hiyo, uliza nyumba yoyote. Kumbuka pia kwamba wapo wanaofunga tarehe 13, 14 na 15, basi usiwaite kabla hawajafuturu.

Tatu saa. Kwa sababu tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua Kigoma huzama karibu saa moja, wakati Dar es Salaam limekwishazama tangu saa kumi na mbili na nusu hivi. Mwongozo ulioandikwa na mtu wa pwani utakupoteza hapo. Sisi tuna vipindi viwili. Matembezi ya hadithi tunayafanya baada ya alasiri, tunaanza kama saa kumi na moja jioni, na tunahakikisha tumemaliza kabla ya adhana ya magharibi. Utambaji wa kukaa unaanza baada ya isha, saa mbili na nusu au tatu kasoro, unaisha kabla ya saa nne. Usijaribu kubana kitu kati ya magharibi na isha. Watu wanasali, wanakula, wanaogesha watoto.

Kuhusu kiingilio, maoni yangu: ufukweni usitoze. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, watu walikuwa na muda mwingi lakini mifuko ilikuwa mitupu, na walikuja kuliko mwaka wowote. Pitisha kikapu mwishoni. Anayeweza atatia.

Hatua ya 5: Upepo, sauti na mahali pa kukaa

Kila anayetamba ufukweni kwa mara ya kwanza husimama ziwa likiwa nyuma yake, kwa sababu ni zuri. Ni kosa mara mbili. Jioni jua linazama upande wa Kongo, yaani usoni kwa wasikilizaji. Watakukunjia macho na hawataona uso wako. Usiku, upepo mara nyingi hugeuka na kushuka kutoka vilimani kwenda ziwani, ukachukua maneno yako kabla hayajamfikia mtu wa safu ya pili.

Kwa hiyo usiku mtambaji asimame upande wa nchi kavu, juu kidogo ya mteremko, na watu waketi chini yake wakiligeuzia ziwa mgongo. Upepo utabeba sauti yako kuwapelekea. Nalo ziwa litakuwa nyuma yao, giza na kubwa, wakilisikia bila kuliona. Kwa hadithi yetu hakuna mpangilio bora. Jioni, kabla jua halijazama, waweke ubavu: jua upande wa bega moja, wewe upande wa pili.

Kaa nusu duara, safu tatu au nne zilizobanana. Tandika mikeka na majamvi mbele kwa watoto, mabenchi nyuma kwa wazee. Kwa namna hiyo sauti ya mtu mmoja aliyezoea inawatosha watu themanini bila spika. Nimewahi kukodi spika na jenereta, na jenereta ndiyo watu waliyoisikia usiku kucha. Kama watu ni wengi zaidi, weka mwitikiaji: mtu wa pili anayekaa katikati ya watu, anayerudia maneno mazito na kuongoza kiitikio. Hiyo ni mbinu ya zamani na inafanya kazi.

Taa: chemli mbili, chini, pembeni ya miguu ya mtambaji. Waombe watu wazime tochi za simu. Usiwakemee, waambie hadithi hii inaogopa tochi, watoto watawazimia wazazi wao simu.

Hatua ya 6: Shika mifupa, acha nyama ijitengeneze

Usikariri hadithi neno kwa neno. Ukikariri, mbuzi akipita utapotea. Shika mifupa. Hadithi ya kisima ina mifupa saba: bonde, kisima, wosia, safari ya Uvinza, mgeni, mkono, maji. Niamshe usiku wa manane nitakutajia saba hizo. Nyama, yaani maneno, huja kutoka kwa watu waliopo. Tukitamba Katonga samaki wa kisimani wanakuwa migebuka na kuhe, na watu wanameza mate. Tukipanda Kasulu tunasema zaidi habari ya ng'ombe waliozama.

Fungua kwa namna inayojulikana.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Ikijibiwa kwa unyonge, usiendelee. Rudia. Hadhira yetu haikuzaliwa kukaa kimya. Miaka ya kukaa mbele ya televisheni ndiyo imeinyamazisha, na inahitaji kama dakika mbili tu ikumbuke kazi yake. Kisha wape wimbo mfupi mapema, kabla hadithi haijakolea, ili ukifika wakati wake wawe wameshaujua. Huu wa kwetu tuliutunga wenyewe:

*Kisima, kisima, nani kakufunua?*
*Mdomo, mdomo, ndio ulonifunua.*

Mstari wa kwanza wa mtambaji, wa pili wa watu. Tunauimba mara tatu: kwenye wosia kwa furaha, kwenye mgeni kwa kunong'ona, na baada ya maji kwa sauti ya chini kabisa, ngoma ikiwa imenyamaza.

Sasa nizungumzie mke. Hadithi jinsi ilivyo inamtupia yeye lawama yote. Nilipoitamba hivyo Katonga, bibi mmoja wa makamo aliuliza katikati, kwa sauti ya kusikika na wote, "Na huyo mwanamume aliyeweka mkono, yeye hakuwa na macho?" Watu wakacheka, halafu wakaanza kubishana kweli: mume aliwahi kumweleza mkewe sababu ya siri? Mgeni aliambiwa asiguse? Nilisimama nikawaacha dakika nzima. Msimamo wangu ni huu: usibadilishe mifupa, maana si yako, lakini uzito unaweza kuuhamisha. Siku hizi naukawiza mkono wa yule mgeni. Nauonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, kidole kimoja kimoja, na watoto hupiga kelele, "Usiguse!" Anagusa. Baada ya hapo kila mtu anajua nani alifanya nini. Watoto wakiwa wengi, yule mwanamume anakuwa mgeni tu, habari za mapenzi tunaziacha kwa watu wazima kukisia.

Kama unatafuta hadithi nyepesi ya kufungulia, chukua ya Sungura aliyekataa kuchimba kisima na wenzake kisha akawa anakuja kuiba maji, hadi Kobe akajipaka ulimbo akamnasa. Nayo ni ya kisima, na inawaandaa wadogo kwa kisima kikubwa kinachokuja.

Hatua ya 7: Kutembea na watu

Kwa matembezi, watu arobaini ndio mwisho. Mmoja anatangulia na kibwebwe cha rangi au kayamba, mwingine anafunga msafara na hapitwi na mtu. Vituo vitatu au vinne, kila kimoja dakika kumi hadi kumi na tano. Usianze kusema kwenye kituo mpaka aliyefunga msafara amefika. Wazee ndio hubaki nyuma, na wao ndio uliowaalika.

Karibu na maji hesabu watoto unapoanza, kila kituo, na unapomaliza. Weka watu wazima wawili wakiwa wamesimama ukingoni mwa maji muda wote, migongo kwa mtambaji. Pembezoni mwa mito, kama upande wa Luiche, usiwapeleke watu majini jioni, kuna mamba. Kwenye mawe ya Katonga mwenye kandambili ajihadhari.

Tumia unachokikuta njiani. Ujiji ufukweni wanaunda mitumbwi na maboti, na siku moja tulifika fundi akiwa anapiga kalafati, yaani anaziba nyufa za mbao, nyundo ya mbao ikigonga ubao: ko, ko, ko. Mwenzetu alitaka kwenda kumwomba anyamaze. Nikaenda mimi, nikamwomba asinyamaze, ila nikiinua mkono apige kwa nguvu mara tatu kisha aache kabisa. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa mwalimu." Nikarudi. Tulipofika kwenye mkono na samaki, nikainua wangu. Ko. Ko. Ko. Halafu kimya, mawimbi tu. Mtoto mmoja aliyekuwa ameshika kanzu ya babu yake alijificha ndani ya kanzu hiyo. Fundi alikuja baadaye kukaa nasi, na mwaka uliofuata alituuliza mwenyewe lini tunafika.

Hatua ya 8: Baada ya hadithi

Funga kama inavyofungwa: ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya niachieni mwenyewe. Kisha usikimbilie kueleza maana. Watu waulizane. Watoto huuliza kama ni kweli, na hapo una zawadi ya kuwapa: ziwa hili liko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hapa ilipasuka kweli, kwa muda mrefu sana, na ufa huo una kina cha karibu mita 1,470 na urefu wa karibu kilomita 670. Wape hayo baada ya hadithi. Ukiyatanguliza, hadithi inakuwa mfano wa somo la jiografia na inakufa.

Kunja mikeka, okota chupa, rudisha mabenchi usiku huohuo. Asubuhi pita kwa mwenyekiti na kwa watu wa mwalo uwashukuru. Ruhusa ya mwezi ujao inaombwa asubuhi hiyo.

Halafu pita kwa mwenye hadithi. Bibi yangu hakuweza kuteremka ufukweni mwaka jana, miguu inamsumbua, kwa hiyo nilimpelekea habari kesho yake. Nikamsimulia yote, fundi na nyundo yake, watoto waliopiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akachambua dagaa wachache, kisha akaniuliza nilisemaje pale kisimani. Nikamwambia: mgeni akamshika samaki.

"Hakumshika," akasema. "Alimgusa tu. Angemshika, wangemla, basi. Aligusa, akaondoa mkono, na samaki akamtazama."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kuhusu samaki kutazama. Mwezi mwandamo uliofuata, tarehe 13, nilisimama mahali palepale, nikanyoosha kidole kimoja, nikakirudisha, kisha nikawatazama watu, mmoja baada ya mwingine, bila kusema neno, mpaka safu ya mwisho.